Siku Ile Hakuomba Maji

Ukitoka Nachingwea mjini kwa bodaboda kuelekea kwenye yaliyokuwa mashamba ya karanga ya Wazungu, nyumba utaiona kabla hujaambiwa. Ni ya matofali, bati lake limepakwa rangi nyekundu, na ina baraza pana lililozungushiwa wavu wa mbu. Siku hizi ina geti, ina kibao, na ina mtu wa kukutembeza vyumbani. Kibao kinasema kwamba hapa aliishi mmoja wa viongozi wa kwanza wa nchi ya ng'ambo ya Ruvuma, enzi wanapigania uhuru wao, na kwamba alipoondoka nyumba ilitunzwa kwa uaminifu na mzee mmoja mkazi wa Mtua. Jina la mzee huyo limeandikwa kwa herufi kubwa. Mimi sitalitaja, limeshatajwa vya kutosha.

Nyumba hiyo aliitunza mama yangu.

Nimeanza na hilo kwa sababu nina hasira za karibu, na nikijifanya kusimulia kwa upole nitajichosha bure. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mbekenyera, upande wa Ruangwa. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto kusoma kilichoandikwa na kukiamini. Kibao hiki nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote, na kila mara nakiona kinasema uongo ule ule kwa mwandiko mzuri.

Nyumba waliijenga Wazungu wa karanga. Karanga zilipowashinda wakaondoka, popo wakahamia. Baadaye wakaja wapigania uhuru, kambi yao ikawa ndani zaidi porini, na mkubwa wao mmoja akapewa nyumba ile aishi. Watu walimwita Mzee, ingawa mama alisema hakuwa mzee hata kidogo, alikuwa kijana mwenye ndevu aliyesahau kulala. Mama wakati huo alikuwa binti, ndiyo kwanza ametoka unyagoni. Mjomba wake alimtafutia kazi pale: kufagia, kufua, kuchota maji, na kupika siku ambazo mpishi wa kambini hakutokea. Mzee alipenda ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini. Mama aliichimba mwenyewe porini wakati wa kiangazi, akaichemsha, akampelekea na chai asubuhi, na Mzee aliila huku anasoma makaratasi yake.

Nchi yake ilipopata uhuru, akafunga mizigo. Alimpa mama ufunguo mkononi, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga aitunze nyumba mpaka atakaporudi. Hakurudi. Alikuwa na nchi ya kujenga, na baada ya miaka akafa huko huko. Mama alisikia habari hizo redioni, akakaa kitako barazani mpaka jua likamfikia miguuni. Kesho yake akafagia kama kawaida.

Alifagia miaka yote niliyomjua. Wenzake walipokuwa wanakwenda kuokota korosho asubuhi, yeye alianza na nyumba ya Mzee, korosho zikafuata. Alifukuza mbuzi. Aliwafukuza waliotaka kung'oa bati usiku wa mvua, akawafukuza na waliokuja mchana na maneno matamu wakitaka kufanya ghala la ufuta. Nyumba yetu sisi ilikuwa nyuma ya ile, ya udongo na makuti, nayo ilivuja. Mimi na wadogo zangu tulihama na mkeka kutoka kona hii kwenda ile, na hatua chache tu kutoka hapo kulikuwa na vyumba vikavu vitupu vinamsubiri marehemu. Nilipomwuliza mama kwa nini tusilale kule, alisema nyumba ya mtu haihamiwi kwa sababu ya mvua. Nilinuna, nikalala na unyevunyevu wangu.

Alikuwa na namna yake ya kufagia. Alianza chumba cha nyuma kabisa. Alinyunyiza maji kwa vidole, pindo la khanga amelibana kwa meno, mkono wa kushoto ameuweka kiunoni nyuma, na ufagio wa chelewa ukaenda kwa pigo fupi fupi. Akifika mlango wa mbele hakunyoosha moja kwa moja kutoka nje. Alizunguka mahali padogo kando ya kizingiti. Hapo Mzee alikuwa anavulia buti zake, na mama hakupagusa. Sakafu nyekundu ya saruji iling'aa pande zote, ila hapo palibaki peusi, pana kama sinia la wali. Buti za mtu aliye safarini hazisogezwi, alisema, na mimi nilikuwa nimeshachoka kumkumbusha kwamba buti hazipo.

Sasa nimtambulishe huyo mzee wa Mtua, ambaye mimi nilimwita Mtani tangu nilipojua kusema. Baba yake alitoka Songea kuja kufanya kazi ya karanga, na karanga zilipokwisha hakurudi kwao. Ni Mngoni. Sisi ni Wamwera. Mababu zake waliwakimbiza mababu zetu na kuwateka, na wajukuu wao wamebaki wanataniana mpaka leo. Aliingia kwetu bila hodi, akafunua chungu, akabeba kuku aliyemtaka, akamwita mama mtumwa wake aliyetoroka, na hakuna aliyeruhusiwa kununa. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana, unamrudishia tusi kubwa zaidi, au unakubali kila analosema kwa unyenyekevu wa kupita kiasi mpaka watu washike mbavu. Mama alikuwa bingwa wa hiyo ya pili.

Kwa Mzee wa ng'ambo Mtani aliwahi kufika mara chache, akileta kuni za jikoni. Basi. Lakini baadaye, katika miaka ya ufagio, alipita kwetu karibu kila alipokwenda mjini na baiskeli yake. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akanusa tumbaku, akamtania mama huku anafagia. Hakuna mtu aliyemwona mama akifagia zaidi ya yeye, hata mimi.

Wawili hao walikuwa na desturi yao, ambayo sijaiona kwa watani wengine. Utani ukishakolea, na Mtani akiwa na jambo la kweli la kusema, tuseme kuna msiba Kiegei, au mkewe anaumwa, alinyamaza kidogo kisha akaomba maji. Mama alimchotea mtungini kwa kikombe cha bati. Akishakunywa na kufuta mdomo, sauti yake ilibadilika, na kuanzia hapo kila neno lilikuwa kweli. Hata sisi watoto tulijua. Kabla ya maji usiamini kitu, baada ya maji kaa kimya usikilize.

Akaja afisa wa mradi. Nyumba za kihistoria zilikuwa zimekumbukwa, na yetu, yaani ya Mzee, ilikuwa mojawapo. Alikuwa kijana mtanashati wa Dar es Salaam, viatu vyeupe, ana kinasa sauti kidogo cha kutosha kiganjani. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikuwapo, na mimi ndiye niliyemletea chai na ming'oko. Majirani walijaa barazani. Mama alikuwa amejifunga khanga yake nzuri na alikuwa anajiandaa kueleza tangu mwanzo, maana watu wa maneno mengi hawaanzi katikati. Ndipo baiskeli ya Mtani ikaegeshwa ukutani.

Hakusubiri kuulizwa. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kinasa sauti, akakohoa kama mwenyekiti wa kikao.

"Andika, kijana," alisema. "Nyumba hii nilikabidhiwa mimi. Ufunguo nilipewa mimi, mkononi. Huyu mwanamke ni mtumwa wangu, nilimweka hapa afukuze mbuzi, na mbuzi wenyewe ndio walikuwa wanamfukuza yeye."

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Mama akapiga magoti, akainamisha kichwa kama bibi harusi, akajibu kwa sauti ya kulegea.

"Ni kweli, bwana wangu. Mimi mtumwa wako tu. Nyumba umeitunza wewe, mimi nilikuwa nimelala."

Tukacheka tena zaidi. Mtani alinogewa, akaendelea: jinsi alivyochimba ming'oko mwenyewe, jinsi Mzee alivyomwaga machozi siku ya kuagana naye. Kila alichosema mama aliitikia ndiyo bwana, naam bwana. Afisa alikuwa ametoa macho, anasema noma sana, mzee, noma sana. Kisha Mtani akanyakua kipande cha mwisho cha mng'oko kwenye sinia, akapanda baiskeli, akaenda zake. Hakuomba maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza mara mbili, kwa sababu hakuomba maji.

Nilimwambia afisa kwamba ule ulikuwa utani. Akacheka, akasema utani anaujua sana, ofisini kwao kila Jumatatu wanataniana mambo ya mpira. Mama alipotaka kuanza sasa kusema yale ya kweli, kinasa sauti kilikuwa kimeishiwa chaji. Afisa akaahidi kurudi kesho yake. Mama alimngoja kutwa, khanga ile ile. Hakuja.

Walikuja mafundi. Wakamwomba mama akae mbali kwa usalama wake, naye akakaa kwenye kibaraza chetu cha udongo, akawa anawatazama wanavyopanda na kushuka. Walifanya kazi nzuri, siwezi kusema vingine. Bati likapakwa rangi, wavu ukabadilishwa, popo wakaondoka. Ufunguo mama alikuwa nao muda wote, umefungwa fundo kwenye pindo la khanga. Alisema wakimaliza watauhitaji.

Siku ya ufunguzi palikuwa na maturubai, ngoma, na magari yaliyotia vumbi mpaka kwenye vyakula. Viti vya mbele walikaa wakubwa, na katikati yao alikaa Mtani, kavaa koti lisilo lake. Nilidhani ni utani mwingine. Nikamwonyesha mama kwa kidole, tukacheka wote wawili, mama akasema mwangalie, leo hata Wangoni wamevaa. Kisha kitambaa kikavutwa kwenye kibao, watu wakapiga makofi. Mama hakujua kusoma. Akaniuliza kimeandikwa nini.

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria, na ulimi ulikuwa tayari. Lakini alikuwa ananiangalia usoni, na mimi uso wangu haujui kuficha kitu. Nikamsomea. Akasema, "Soma tena." Nikamsomea tena, polepole, jina la Mtani likiwa pale pale.

Tuliingia ndani pamoja na kundi. Kitasa kilikuwa kipya, cha kung'aa, na ufunguo wa mama haukuwa na kazi yoyote katika mlango ule. Kando ya kizingiti, mahali pa buti, walikuwa wameweka marumaru nyeupe. Mama alipafikia, akapazunguka, na watu waliokuwa nyuma wakasongamana kwa sababu yake. Ukutani palikuwa na kitufe cha kusikiliza sauti za wenyeji. Mtu mmoja akakibonyeza.

Ikatoka sauti ya mama. "Mimi mtumwa wako tu. Nyumba umeitunza wewe, mimi nilikuwa nimelala." Na nyuma yake kicheko, watu wengi, na kicheko changu mimi naweza kukitambua popote. Wageni waliokuwa chumbani nao wakacheka, maana kicheko huambukiza. Mama alisimama katikati yao anajisikiliza mpaka mwisho. Nilihisi kuvunja kitu. Ningekuwa mahali pengine ningevunja.

Nilimfuata afisa nje, nikamwambia kwa sauti ambayo wakuu wa viti vya mbele waliisikia. Alikuwa na adabu, tatizo lake halikuwa adabu. Alisema, mwalimu, mama mwenyewe amekiri, sauti ipo. Halafu akaongeza kwamba hawakuishia hapo: walimfuata mzee nyumbani kwake Mtua, wakamwuliza mara ya pili akiwa peke yake, wametulia, na akathibitisha yote.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Yale ya barazani ningeyasamehe mpaka kesho. Utani unataka wawili. Mmoja anarusha, mwingine anarudisha, na watu wapo wanashuhudia kwamba ni mchezo. Ukikaa kwako Mtua peke yako, mtani wako hayupo kukujibu, ukasema maneno yale yale kwa mtu anayeandika, huo si utani tena. Huo ni wizi, na ming'oko ya mwenye mali ulikuwa umeshaila.

Nilimweleza mama nikidhani ataumia. Yeye alikuwa anafungua lile fundo la khanga, anautazama ufunguo, anafunga tena.

"Lakini hakuomba maji," alisema.

Nilimwuliza maji yanahusiana nini na kibao. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Mtani bado yuko kwenye utani wake, umekuwa mrefu tu kuliko kawaida. Amewachezea wale wa mradi, anawachezea na wale wakubwa wa viti vya mbele, na siku atakayochoka atakuja atakaa pale kwenye ngazi, ataomba maji, kisha atasema. Na akisema yeye, kibao watakibadilisha, kwa kuwa wamemwamini yeye. Alikuwa na hakika kabisa. Kitu alichokitaka mama kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kidogo: iandikwe kwamba aliambiwa atunze, na alitunza.

Nilikwenda Mtua Jumapili iliyofuata. Nilimkuta amekaa uani, ametandaza korosho kwenye jamvi, ndiyo kwanza ametoka kanisani, koti lile lile mwilini. Ukutani kwake palikuwa na picha yake kubwa amesimama kwenye baraza la Mzee. Aliponiona akaanza: lo, mtumwa mdogo amekuja kuleta kodi. Nikasema shikamoo, leo sikuja kutaniana. Akaguna marahaba, akawa anageuza korosho ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kitufe, nilimwambia kicheko, nilimwambia ufunguo. Hakubisha hata neno moja, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kugombana.

"Mtani wangu mdogo," alisema mwishowe. "Mimi nimezaliwa hapa. Baba yangu kazikwa hapa. Na tangu nizaliwe naitwa mtu wa kuja. Wale wamekuja, wakaniita mwenyeji. Wakaniandika."

Nilimwelewa, na ndicho kitu kilichonikera njia nzima ya kurudi. Ningependa awe mwizi tu. Nikamwambia ana haki ya kuandikwa, lakini aandikwe kwa kuni alizoleta. Akakubali kwa kichwa. Akasema atasema. Siyo kwa kunong'ona, atasema mbele za watu wote, nimwambie mtani wake asiwe na wasiwasi. Aliniuliza kama mama bado anauweka ule mtungi kivulini.

Nilimpelekea mama maneno hayo, na mama alifurahi mpaka akaniudhi. Alisugua kikombe cha bati kwa mchanga. Kila asubuhi akawa anabadilisha maji ya mtungi, kikombe kimefunikwa juu yake, tayari. Lakini baiskeli ya Mtani ikaacha kupita kwetu. Alikuwa akienda mjini anazungukia njia ya mbali, watu walimwona. Nikifunga shule na kuja kutoka Mbekenyera, la kwanza niliuliza kama amekuja. Bado, mama alisema, labda baiskeli imeharibika. Msimu uliofuata: bado, labda miguu. Korosho zikaiva, zikaokotwa, zikaiva tena. Kule nyumba kubwa mama aliomba walau awe anafagia, wakamwambia kwa heshima kwamba usafi una mkandarasi wake. Akawa anafagia uwanja wetu, anaanzia nyuma, ananyunyiza maji kwa vidole, na akifika mbele anazunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote.

Nilimkasirikia Mtani miaka hiyo kwa ukali ambao sikuwa nao hata kwa mume aliyeniacha. Mume wangu aliondoka kwa ajili ya mwanamke mwingine, na mambo kama hayo hutokea. Lakini huyu alimjua mama. Alijua kwamba yupo anayemsubiri na kikombe, na akachagua kuzunguka.

Mama aliugua wakati wa kuvuna ufuta. Hakuugua sana, alipungua tu. Wiki ya mwisho sauti ilikuwa imekauka, na aliponiita niliinama karibu nikidhani anataka kunywa. Aliniuliza kama mtungi una maji. Nikasema upo umejaa. Akaridhika, akafumba macho. Alifariki asubuhi moja mimi nikiwa nakoroga uji wake.

Msiba kwetu hauendi bila watani. Wao ndio wanaochimba kaburi, wanaopika, wanaotuchekesha tusije tukafa na sisi. Nilijua Mtani atakuja, asingeweza kutokuja, angetengwa na kila Mngoni wa Nachingwea. Alifika wakati mama ameshaoshwa na kukafiniwa, yuko ndani, wanaume wanajiandaa kumtoa. Mwili wa Mtani ulikuwa umezeeka. Koti hakulivaa. Afisa naye alikuwapo, amekuja na wenzake wa kule nyumba kubwa kutupa pole, amesimama kwenye turubai la wanaume na mikono nyuma.

Mtani alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akaanua khanga ya mama, akajifunga. Akachukua ufagio wa chelewa uliokuwa umeegemea ukuta. Akapita katikati ya wanawake tuliokaa kwenye mikeka, akaenda mpaka nyuma ya uwanja, na pale akawa mama.

Alibana pindo la khanga kwa meno. Mkono wa kushoto aliuweka kiunoni nyuma. Alinyunyiza maji kwa vidole, maji ambayo hayakuwapo, akafagia kwa yale mapigo mafupi. Alisimama akamfukuza mbuzi asiyeonekana kwa ile sauti ya mama ya puani, na wanawake wakaangua kicheko huku machozi yanawatoka. Na mimi pia, siwezi kukataa. Alimleta kwetu mzima mzima. Akafagia chumba cha nyuma, akafagia sebule, akalaza kichwa kutazama kama sakafu inang'aa. Akafika kwenye mlango wa mbele, uliokuwa hewani mbele ya miguu yangu. Hapo akapunguza mwendo. Ufagio ukazunguka mahali padogo kando ya kizingiti, kwa uangalifu, bila kupagusa, ukatoka nje.

Aliacha kufagia. Kicheko kilipungua chenyewe. Wanawake wa karibu yangu walikuwa wanamjua mama na wanaijua nyumba, na wote walikuwa wameona walichokiona. Hakuna mtu anayejua kuzizunguka zile buti ila aliyekaa kwenye ile ngazi maisha yake yote akimtazama mwenye nyumba akifanya kazi yake. Nikamtazama afisa. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko, anamnong'oneza mwenzake kwamba mzee huyu kiboko kwa kuigiza.

Mtani alitema pindo la khanga. Alikuwa anahema. Akanitazama mimi, siyo mwingine.

"Nipe maji," alisema.

Uwanja wote ukanyamaza, hata wale wasiojua kwa nini wananyamaza. Nilikwenda mtungini mwenyewe. Kikombe kilikuwa juu yake, safi, kama mama alivyokiacha. Nilichota, nikapiga magoti mbele yake, nikampa kwa mikono miwili, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kumsamehe. Niliona kumbe mama alikuwa sahihi muda wote, na mimi na elimu yangu nilikuwa mjinga wa kukosa subira.

Alikunywa yote, taratibu. Akafuta mdomo kwa kiganja. Akainua macho kwenye turubai la wanaume, akamwona afisa, naye afisa akamwinulia mkono kwa heshima, kama mtu anavyomsalimia mzee wake. Mtani akabaki na kikombe mkononi. Midomo ilifunguka. Niliiona inatafuta.

"Wamwera ninyi," alisema, "hata maji yenu yana chumvi."

Watu wakacheka, kwa nafuu, kwa kuwa walikuwa wamechoka kunyamaza. Jeneza likatoka mlangoni wakati huo huo, wanaume wakalipokea mabegani, na Mtani akaingia katikati yao kubeba. Mimi nilibaki nimepiga magoti. Kikombe alikuwa amenirudishia, nikainuka, nikakifunika mtungini.